Punda Alisema Atarudi Jioni

Ikoma, Serengeti
Jumamosi, 8 Juni 2024

Tata Heche, shikamoo.

Nimepiga simu yako wiki nzima, inaita tu. Jana Steven alipotuletea mboga nikamuuliza kuna nini Turwa. Akasema spika ya simu yako imekufa, na kwamba umetangaza anayekutaka akuandikie barua. Haya, mtu mkubwa, nakuandikia. Barua hii itakuja Tarime na gari la Steven, kati ya makreti matupu ya nyanya.

Mimi ni mzima. Mimba ina miezi mitano na nusu, na mjukuu wako anapiga teke kila nikibeba sinia. Hosea mkweo naye mzima, wiki hii yuko doria ndani ya hifadhi. Kazi ni nyingi kwa sababu nyumbu wamefika na wageni wamejaa. Mkataba wangu wa msimu unaisha mwisho wa Agosti, na anayeondoka kabla hapewi mwingine. Kwa hiyo tumepanga nijifungulie Mugumu, nyumbani nije Desemba mtoto akiwa ameshika shingo.

Sasa nisikilize. Jana asubuhi nilikuwa napanga vikombe mgahawani. Mtoto mmoja wa wageni, msichana wa miaka sita hivi, akaanza kuimba huku anakoroga maziwa yake. Nikasimama. Ulikuwa wimbo wetu, Tata! Ule wa punda mdogo anayevuta mkokoteni wa maziwa, kwenye ile katuni uliyoitafsiri na kuirekodi wewe kwenye banda lako la video nikiwa na miaka minne. Unajua mimi sikuwahi kuisikia kwa sauti nyingine. Punda alikuwa wewe, mama yake wewe, hata yule mchuuzi mnene wa kike alikuwa wewe umebana pua.

Mtoto aliimba kwa Kiingereza chenyewe, na Kiingereza cha chuo cha hoteli kinanitosha kuelewa. Wewe ulituimbia hivi:

Kwato zangu ndogo, njia ni ndefu,
mama teleka maji, nakuja jioni.
Nikichelewa msifunge mlango,
mimi ni wenu, nakuja jioni.

Tata, punda hasemi hivyo hata kidogo! Anasema amekichoka kile kijiji, wafunge mlango wao, wasimsubiri, harudi tena. Miaka yote nilikuwa najiuliza kwa nini mama yake analia vile kwa mtoto anayerudi jioni hiyo hiyo. Nilidhani ana roho nyepesi.

Una la kujitetea? Na jambo la pili: ubeti wa tatu. CD yetu ilikuwa inakwama palepale, punda amefungua mdomo, picha inaganda, Mama anaipiga deki kofi. Sijawahi kuusikia. Yule mtoto anajua kiitikio peke yake. Chukua simu ya Mama uniimbie, nataka nimwimbie mtoto wangu wimbo uliokamilika.

Binti yako,
Waisiko


Turwa, Tarime
Alhamisi, 13 Juni 2024

Waisiko mama, marahaba.

Watazamaji wangu wapenzi, mtuhumiwa amesimama kizimbani na anaomba maji ya kunywa.

Kiingereza changu ni cha darasa la saba, na mwalimu aliyetufundisha alikuwa anakitafuta kama sisi. Filamu ilikuja kutoka Sirari kwenye mfuko wa rambo, haina maelezo, haina hata jalada. Mimi nilikuwa na maiki moja, jenereta inayonguruma nyuma ya ukuta, na watoto arobaini wanaokula bisi. Ningefanyaje? Nilikuwa natazama sura. Punda anatoa machozi kama yale, kweli anaweza kuwa anasema harudi? Nikasema hapana, huyu anaaga vizuri. Ukimkuta huyo mtoto tena mwambie filamu yao ndiyo iliyokosea.

Kuhusu ubeti wa tatu, nakuambia kweli tupu: mimi sijui kuuimba. Sikuwahi kuuimba. Usicheke, ndivyo ilivyo.

Simu ya mama yako siku hizi imekuwa ya kwaya, haikai nyumbani. Na barua ni nzuri, mama. Barua naisoma mara tatu, simu nikikata imekwisha. Kaa kazini kwako umalize mkataba. Usifikirie habari za huku, huku hakuna habari. Ng'ombe mweusi amezaa, jirani yetu Kisyeri amenunua redio yenye taa za rangi na hatulali kwa raha. Basi.

Msalimie Hosea. Mwambie tembo wapishwe, wasibishwe.

Baba yako,
Heche, Mkalimani Mkuu wa Punda


Ikoma
Jumamosi, 15 Juni 2024

Tata, shikamoo.

Nimecheka mpaka Generoza, mpishi wetu, akaja kuchungulia. Lakini hujanijibu. Mtu aliyetafsiri filamu nzima, kuanzia mwanzo mpaka majina ya mwisho yanayopanda, atasemaje hakuimba ubeti mmoja? Unanificha kitu, na mimi nakujua.

Nakutumia simu kwa mkono wa Steven. Si mpya sana ila spika yake inapiga kelele kama redio ya Kisyeri. Sasa huna kisingizio.

Nikuambie kitu nisichowahi kukuambia. Siku ile nilipopanda basi la Mwanza kwenda chuo, ulisimama stendi umevaa lile koti lako la kahawia, nikaona nitalia mbele za watu. Nikauimba wimbo wa punda kimoyomoyo. Mama teleka maji, nakuja jioni. Nilikuwa naenda kukaa miaka miwili, lakini nikiimba hivyo safari inafupika. Hata siku ya kuhamia huku kwa Hosea niliuimba. Sasa nagundua punda mwenyewe hakuwa na mpango wa kurudi! Si kwamba nimekasirika. Nimejisikia tu kama mtu aliyeegemea ukuta miaka ishirini, halafu akaambiwa ni pazia.

Hosea anajifunza kiitikio. Anaimba kama besi wa kwaya anayesinzia. Tafadhali niimbie, mtoto asije akajifunza kutoka kwa baba yake.

Waisiko


Turwa
Alhamisi, 27 Juni 2024

Waisiko mama, marahaba.

Umesubiri wiki nzima bila jibu, nisamehe. Kazi za hapa na pale. Mwandiko umelala kidogo, kalamu ni mbovu.

Simu imefika, Kisyeri ameipokea. Anasema ni nzuri sana.

Nina habari mbaya ya CD. Kabla sijapata barua yako ya pili niliitoa kabatini nikaona ina mikwaruzo kama mgongo wa ng'ombe wa kulimia. Mtu mmoja sokoni aliniambia dawa ya meno inasafisha. Nikaipaka dawa ya meno, nikaisugua na kitambaa, nikaiosha. Mpaka hapo mambo mazuri. Halafu nikaiweka ikauke karibu na jiko la mkaa. Nilipogeuka, imekunjamana kama chapati. Mama yako alinitazama tu, na wewe unajua anavyotazama.

Ilikuwa ya mwisho, mama. Nilitaka uisikie, nimeiua kwa mkono wangu. Nimesikitika kuliko unavyodhani.

Ukuta haukuwa pazia. Hilo tutalizungumza siku nyingine.

Kula vizuri. Kaa kazini.

Heche


Ikoma
Jumamosi, 29 Juni 2024

Tata, shikamoo.

Simu umepewa. Afya unayo. Wimbo unaujua. Ni dakika mbili tu za maisha yako! Umewaimbia watoto wa Tarime nzima kwa kiingilio cha sarafu, na mimi binti yako wa pekee nikiomba, mara kwaya, mara Kisyeri, mara kalamu.

Sijali CD. CD ni plastiki. Mimi nilikuomba wewe.

Kama hutaki kumwimbia mjukuu wako sema hutaki, nitaacha kuomba.

Waisiko


Turwa
Alhamisi, 4 Julai 2024

Mwanangu Waisiko,

Barua hii nimeiweka chini ya nyanya baba yako asiione. Nimemwambia Steven akupe mkononi.

Baba yako hana sauti. Ilianza kukwaruza mwezi wa tatu, tukadhani mafua. Mwezi wa tano ikawa ya kunong'ona. Tulipokwenda Mwanza wakaona uvimbe kooni. Amepasuliwa tarehe 17 Juni. Madaktari wameokoa maisha yake na tunamshukuru Mungu, wanasema uvimbe wameutoa wote. Lakini kisanduku cha sauti nacho kimetoka. Anapumulia tundu dogo hapa shingoni. Hatasema tena.

Ile barua ya tarehe 27 aliiandika kitandani Mwanza, juu akaweka Turwa. Kisyeri alitutumia barua yako kwa basi, nami nikaituma hiyo kwa njia hiyohiyo mpaka Tarime. Tumerudi nyumbani Jumapili. Alinikataza kukuambia mpaka mkataba wako uishe, anasema utaacha kazi na hutapata nyingine. Ameandika hivyo kwenye daftari kwa herufi kubwa na kupiga mstari chini. Siku hizi anagomba kwa daftari.

Ile CD hakuwa anaisafisha kwa ajili yako peke yako. Ilikuwa wiki moja kabla ya kupasuliwa. Alijua sauti yake imebaki mle tu. Ilipoungua alikaa uani na ng'ombe mpaka nikamfuata.

Barua yako ya mwisho ameisoma. Ameikunja akaiweka mfukoni mwa lile koti.

Sikuambii ili ulie, wala sisemi uje. Mimi nimeona tu si haki mtu agombane na baba yake kwa jambo asilolijua. Usimwambie nimesema.

Mama yako,
Bernadetha


Ikoma
Jumamosi, 6 Julai 2024

Tata yangu, shikamoo.

Naomba msamaha kwa barua yangu ya wiki iliyopita. Mimba imenipa mdomo mchungu na wewe ndiye uliyekuwa karibu. Ile barua ukiwa nayo bado, ichane, au mpe ng'ombe mweusi.

Wimbo usiuwaze tena. Endelea kuniandikia tu. Naupenda mwandiko wako, hata ukilala.

Lakini ngoja nikuchekeshe. Jana nilikuwa jikoni namsimulia Generoza habari za CD na dawa ya meno. Alikuwa anakata vitunguu. Nikamwimbia mistari miwili ya kwanza ya kiitikio ajue ni wimbo gani. Tata, aliweka kisu chini, akaimba mstari wa tatu na wa nne! Nikichelewa msifunge mlango, mimi ni wenu, nakuja jioni. Maneno yako, si ya yule mtoto wa wageni. Na Generoza ni Mhaya wa Bukoba, Turwa hajawahi kuiona.

Nikamkamata mkono. Kumbe kabla ya kuja hotelini alikuwa anapika chakula kwenye machimbo ya dhahabu. Kulikuwa na banda la video, na kila Jumapili baada ya ibada watoto wa wachimbaji walikuwa wanawekewa katuni ya punda. Watu kutoka Geita, Shinyanga, Kigoma, wote walikuwa wanajua punda anaongea kama mtu wa Tarime. Anasema hata wanaume waliotoka shimoni na vumbi lao walikuwa wanasimama mlangoni wakisikiliza. Hakuna aliyejua mkalimani ni nani. Wewe ulidhani sauti yako imekaa kabatini kwetu, kumbe imetembea.

Anasema banda lilipofungwa mwanawe alipewa CD kadhaa. Ziko kwenye gunia kwa dada yake, Mugumu. Akienda likizo mwezi huu atazitafuta. Usiwe na matumaini makubwa, lakini kuwa nayo kidogo.

Nakupenda, Tata. Sijui kama nimewahi kuliandika hilo, kwa hiyo leo nimeliandika.

Waisiko


Turwa
Alhamisi, 18 Julai 2024

Waisiko mama, marahaba.

Nilianza kukujibu mara nne. Machimboni! Nani aliipeleka? Nakumbuka kijana mmoja aliazima CD akaapa kwa jina la bibi yake kwamba atairudisha Jumatatu. Nilimlaani miaka miwili. Sasa natamani kumnunulia soda.

Mwambie Generoza alifungue gunia polepole. Asipake dawa ya meno.

Kama ni kopi ile, na kama haikwami, utasikia ubeti wa tatu. Utajua kwa nini nilisema sijui kuuimba. Sikuwa natania, mama, ingawa nimekutania kwa mengine. Ukiusikia, sikiliza na kelele za nyuma.

Mimi sina hasira na barua yako. Mtu anayeomba kwa nguvu vile ni kwamba anakitaka kitu. Nilifurahi hata nilipoumia.

Kaa kazini.

Baba yako,
Heche


Ikoma
Jumamosi, 27 Julai 2024, asubuhi

Tata, shikamoo.

Ipo. Haikwami.

Generoza alirudi juzi nayo, imefungwa kwenye kipande cha kanga. Jana baada ya chakula cha mchana tukaenda kwa fundi wa umeme wa hoteli mwenye deki ya zamani. Tulikaa wanne: mimi, Hosea, Generoza, na fundi aliyesema ana dakika tano tu. Alikaa mpaka mwisho.

Sauti yako ikatoka. "Watazamaji wangu wapenzi, karibuni, wa mbele wakae chini." Hosea akanishika bega. Jenereta ilikuwa inanguruma, na kuna mahali jogoo wa jirani anawika katikati ya maneno ya mfalme, ukamjibu. Sikuwa nakumbuka kwamba ulikuwa na sauti changa hivyo.

Tukafika ubeti wa kwanza, wa pili, na mahali pale ambapo kwetu picha ilikuwa inaganda. Nikafunga macho kwa mazoea. Punda akaendelea, mama yake akatokea mlangoni, na wewe ukanong'ona karibu na maiki: "Sasa wewe, mama. Sema kama tulivyosema." Halafu kikasikika kitoto kinavuta kamasi.

Tata, ni mimi! Nilikuwa mapajani mwako na mimi ndiye niliyekuwa mama punda. Unanipa mstari kwa kunong'ona, narudia:

Nimeteleka maji, nimeweka na chumvi,
mlango uko wazi...

Ukanong'ona "njoo jioni". Na mimi, sijui akili yangu ilikuwa wapi, nikapaza sauti: "njoo hata kesho!" Ukaangua kicheko ndani ya maiki. Unacheka mpaka wimbo unaisha na punda anaondoka bila mtu wa kumsemea. Hukufuta. Uliliacha kosa langu hivyohivyo, likaenda mpaka machimboni.

Nililia sana, na sasa acha niseme. Najua. Mama aliniambia, usimgombeze, wala usimwandikie herufi kubwa. Najua kuhusu Mwanza na tundu la shingo na barua uliyoiandika kitandani. Nilijua nilipokuandikia kuhusu Generoza, nikajifanya sijui, kwa sababu na mimi ni mtoto wa mkalimani.

Nimeongea na msimamizi. Alikuwa mpole, lakini akasema nafasi haitanisubiri. Nikamwambia sawa. Kazi itapatikana nyingine au haitapatikana, nitajua mbele ya safari. Hosea amekubali, atakuja mwezi wa tisa. Nitajifungulia Turwa. Nataka mtoto akutane na wewe siku ya kwanza, akuzoee ulivyo, asije akadhani babu ni yule wa kwenye CD peke yake.

Barua hii simpi Steven. Nimekaa kiti cha mbele kwenye gari lake, naandika magotini wakati yeye anafunga makreti nyuma. CD iko kifuani, mbali na jiko lolote.

Mwambie Mama ateleke maji. Nakuja jioni.

Waisiko


Turwa, mezani
Jumapili, 28 Julai 2024

Waisiko mama, marahaba.

Uko mbele yangu unakula viazi, na mimi nakuandikia barua. Haina haja ya nyanya, naisukuma tu. Usinitazame shingoni sana, utazoea. Mama yako alizoea kwa siku mbili.

Nimesoma barua yako uliyonikabidhi mlangoni, mara tatu kama kawaida yangu. Sasa zamu yangu ya kuungama. Nilikuambia sikujua punda anasema nini. Nilijua. Mwalimu mmoja wa sekondari aliitazama na mimi kabla sijaitafsiri, akanieleza kila neno. Lakini pale mbele kwenye mkeka walikuwa wanakaa watoto ambao baba zao walikwenda kutafuta dhahabu, na wengine walikuwa hawajarudi. Kila Jumamosi walewale, mkeka uleule. Na wewe ulikuwa mapajani. Sikuweza kufungua mdomo wangu kuwaambia watoto wale kwamba anayekwenda mbali harudi. Nikabadilisha. Nikaona kama ni uongo, basi na uwe uongo wangu. Sasa unaniambia wanaume wa machimboni walikuwa wanasimama mlangoni wakiusikiliza. Sijui kama kuna aliyerudi kwa watoto wake kwa ajili ya wimbo ule. Ningependa kuamini yupo hata mmoja.

Ukuta ulikuwa ukuta, mama.

Mtoto akizaliwa, imba wewe. Beti mbili za kwanza nilikuwa nazitunza, ule wa tatu ulikuwa wako tangu mwanzo, ndiyo maana sikuuimba hata nilipokuwa na sauti. Ukiimba mimi nitapiga meza.

Na kuhusu jana. Uliandika utafika jioni. Springi ya gari la Steven ikakatika njiani, mkalala Mugumu, na umeingia leo watu wakitoka kanisani. Mama yako aliteleka maji mara tatu yakapoa. Mara ya tatu akaniuliza kama afunge mlango. Nilichukua daftari nikamwandikia maneno matatu, yako ya ulipokuwa na miaka minne, na ukurasa huo nimeuchana nakupa na barua hii.

"Njoo hata kesho."

Hatukuufunga.

Baba yako,
Heche